Kidari cha Mwenyekiti

Jumatano asubuhi maziwa ya Bibi Elinipendo yalikataliwa, jambo ambalo halijawahi kumpata tangu aanze kupeleka maziwa kituoni. Kornelia, karani wa mapokezi, alichota kidogo kwenye kikombe cha kupimia, akatia spiriti, akatikisa. Vipunje vyeupe vikashika ukutani mwa kikombe, dalili kwamba yameanza kuchacha. Akamgeuzia Bibi kikombe aone mwenyewe, maana yako mambo ambayo kumtamkia mtu mzima ni kumvunjia heshima.

"Nimeviona, mwanangu," Bibi akasema. "Nimefika hapa saa kumi na mbili na nusu. Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu, Bibi."

"Basi yameharibikia hapa hapa kwenye foleni."

Nyuma yake walibaki akina mama zaidi ya thelathini, kila mmoja na ndoo yake, na jua la Februari lilikwisha kuvuka migomba. Mzani wa kituo uliunganishwa na kompyuta. Ndoo ikipimwa, namba huingia kwenye mashine, mashine hutoa risiti, halafu mwenye ndoo hupata meseji kwenye simu yake. Bila risiti maziwa hayamwagwi kwenye tangi la baridi. Ndivyo mkutano ulivyopitisha baada ya ugomvi wa madaftari mwaka juzi, na hakuna aliyetaka kuurudia ugomvi ule. Sasa mashine ilikuwa inatoa risiti moja, inatulia, inatoa nyingine, inatulia.

"Kompyuta ya Kindness inakunywa uji kwanza," mama mmoja akasema.

"Uji gani, hiyo inakula kiburu cha ndizi kizima na bakuli lake," mwenzake akajibu, na foleni ikacheka kicheko cha watu waliochoka.

Kindness aliyasikia yote. Alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya ofisi, mbele ya ile mashine, binti wa miaka ishirini na saba mwenye cheti cha kompyuta, mjukuu wa Elinipendo kwa mwanae mkubwa, Ndelilio. Chama kilikuwa kimemwajiri kwa majaribio ya miezi mitatu, na huu ulikuwa mwezi wa tatu. Alipoiona ndoo ya Bibi yake ikirudishwa akainamisha uso.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Eliufoo, akasimama mlangoni, fimbo mkononi, kofia kichwani. Hakupandisha sauti. Alikuwa mwalimu zamani, na walimu wa zamani wanajua kwamba sauti ya chini husikika mbali.

"Jumamosi," alisema. "Jumamosi lori la mjini likiondoka na ndoo moja imebaki foleni, mashine tunairudisha ilikotoka. Na binti tutamshukuru kwa kazi aliyotufanyia."

Bibi Elinipendo akajitwika ndoo yake akashuka. Njiani hakuyawaza maziwa, maana maziwa hayo angeyagandisha na yangeliwa. Alimuwaza Kindness. Tangu mume wake afariki, nyumba ile kubwa ya kihambani, katikati ya shamba la migomba la ukoo, ilikuwa na sauti moja tu, na sauti hiyo ilikuwa ya ng'ombe. Mjukuu alipopata kazi kituoni alikiacha chumba chake cha kupanga Soweto, kule mjini, akapanda mlimani kuishi na Bibi. Kazi ikiisha, angeondoka. Hakuna aliyekuwa amelisema hilo kwa mdomo, lakini lilikuwa linajulikana.

Saa saba mchana Kindness akarudi, akakataa chakula, akaketi kwenye ngazi ya jiko na laptopu mapajani. Bibi alikuwa kwenye kigoda, anamenya ndizi.

"Niambie," Bibi akasema.

"Nikuambie nini, Bibi? Ni mambo ya seva."

"Mimi sina haraka. Ndizi bado ni nyingi."

Bibi akamenya nyingine tatu. Halafu Kindness akaanza, kwanza kwa kusitasita, kama mtu anayetafsiri ndoto.

"Ile mashine ina prosesa, ndiyo inayofanya kazi. Prosesa yenyewe ina vichwa vinne. Juu yake kuna programu tatu. Moja ni Mapokezi, inayopokea namba za mzani. Ya pili Meseji, inayowatumia watu ujumbe kwenye simu. Ya tatu Taarifa, ile ya Mzee Eliufoo, inayomchorea michoro ya maziwa ya chama kizima. Kila moja nimeifungia kwenye kontena lake, ili moja ikiugua isiziambukize nyingine."

"Kama mabanda ya ndama."

"Kama mabanda ya ndama. Ila wote wanakula kwenye hori moja. Hori ndiyo prosesa."

"Na ndama mmoja ni mlafi."

"Mwezi wa kwanza ndivyo ilivyokuwa. Mzee anafungua Taarifa saa moja, akiwa na chai yake. Anabonyeza. Ikichelewa anabonyeza tena. Kila akibonyeza, programu inaanza upya kuhesabu kutoka ng'ombe wa kwanza mpaka wa mwisho, miaka mitatu yote."

"Anabonyeza mara ngapi?"

"Kuna siku nilihesabu kumi na tisa."

Bibi akaweka kisu chini ili acheke vizuri. "Eliufoo. Hata kanisani anaimba ubeti wa pili wenzake wakiwa wa kwanza."

Kindness naye akatabasamu kidogo, halafu akaendelea. "Kwa hiyo nikaweka mipaka. Kila kontena nikaliambia, wewe mwisho wako ni hapa. Taarifa vichwa viwili. Mapokezi kimoja. Meseji kimoja."

"Kwa nini Taarifa viwili?"

Binti akaitazama laptopu. "Ni ya mwenyekiti, Bibi."

Bibi hakucheka safari hii. Huko mlimani kila mtoto amekua akitazama nyama ikigawiwa. Mbuzi akichinjwa kidari kina mwenyewe, shingo ina mwenyewe, mguu una mwenyewe, na atakayekosea kugawa anaweza kuwaachia wajukuu ugomvi. Hakuna anayeuliza mzee ana njaa kiasi gani. Anapewa kilicho chake kwa kuwa yeye ni yeye.

"Ulimpa kidari," Bibi akasema.

"Ningefanyaje? Alishaniambia, yangu isikosekane."

"Sijakulaumu. Endelea."

"Ndipo nisipoelewa sasa. Tangu niweke ile mipaka Taarifa haiwaonei wengine tena. Asubuhi, foleni ikiwa imesimama kabisa, nikiitazama mashine naona nusu ya nguvu yake imelala. Sasa mashine iliyolala nusu itasemwaje kwamba imeelemewa? Nikasema tatizo ni mtandao. Nimebadilisha waya wote. Nimebadilisha hata mzani. Bado."

Bibi akamenya ndizi nyingine polepole. Yeye aliishia darasa la nne, na mengi ya hayo yalimpita kama magari yapitavyo barabara kuu. Lakini kitu kimoja kilimkwama.

"Hiyo nusu iliyolala ni ya nani?"

"Ni mashine tu, Bibi. Haina mwenyewe."

"Umesema umeigawa yote. Basi ina mwenyewe."

Kindness akarudia namba zake kwenye laptopu. Hakuwa amelishika bado, lakini lilimkera. Bibi naye hakulifuata, kwa sababu saa tisa ilikuwa imekaribia na kulikuwa na maji ya kuangalia.

Mfongo, ule mfereji waliouchimba wazee kutoka kwenye kijito cha juu, ulipita ukingoni mwa kihamba na kuelekea chini kwa watu wengine kumi na wawili. Zamu ya saa tisa Jumatano ilikuwa ya jirani, Mama Priska. Zamu ya Bibi ilikuwa kesho yake. Bibi na Kindness walipofika mferejini, maji yalikuwa yanajipitia, na mlango wa maji wa Mama Priska umezibwa kwa udongo na magome ya mgomba. Bibi akatazama juu, akatazama chini, akainama na jembe, akafungua mlango wa kwake. Maji yakaingia kwenye migomba yake kwa sauti ya kunywa.

"Bibi, si zamu yako leo."

"Si yangu."

"Mwenyewe akikukuta je?"

"Ameenda mjini, kituo cha afya. Amechelewa. Unataka maji yafanye nini, yamsubiri?"

"Ila ni yake."

Bibi akaegemea jembe. "Kidari unaweza kumfungia mtu kwenye jani la mgomba. Akirudi jioni, anakikuta. Maji huwezi kumfungia mtu. Yakipita yamepita, wala hakuna aliyekula. Kwa hiyo asiyekuwepo, wa jirani anafungua. Hiyo siyo dhambi, wazee walikubaliana hivyo."

"Na akija?"

"Subiri utaona."

Hawakusubiri sana. Mama Priska alitokea kwenye njia ya kahawa, kitenge kimefungwa kiunoni, jembe begani, anazungumza akiwa bado mbali. "Mama Ndelilio, naona ndizi zako zinaoga leo."

"Zilikuwa zinakushikia nafasi."

"Ahsante. Ziambie zishuke kwenye bafu."

Kabla hajafika, Bibi alishaziba. Udongo, magome, kisigino mara mbili, kwisha. Mama Priska akafungua wa kwake na maji yote yakaelekea kwake. Wakaulizana habari za kituo cha afya, na hakuna aliyelizungumzia tena.

Kindness alikuwa amesimama mferejini, maji yakimpita vifundoni, kama mtu aliyesahau jinsi ya kutoka. Halafu akapanda kihamba bila viatu. Bibi akamfuata kwa mwendo wake, na viatu vya mjukuu mkononi.

Alimkuta ameinamia laptopu.

"Kuna hesabu moja sikuwahi kuitazama," Kindness akasema. "Mashine inaandika ni mara ngapi imezuia kontena kwa sababu limefika mwisho wake. Leo asubuhi, Mapokezi peke yake, imezuiwa mara elfu arobaini na moja."

"Nani kaizuia?"

"Mimi. Mapokezi ina kichwa kimoja tu, na watu mia na arobaini mlangoni. Ikitaka zaidi, mpaka wangu unaiambia ngoja. Na vile viwili vya Mzee vimekaa tu, vimefungwa kwenye jani la mgomba, vinamsubiri anywe chai." Akajishika kichwa. "Nimekuwa nikilaumu waya."

"Basi kizime hicho cha Eliufoo asubuhi. Akifungue watu wakishaondoka."

"Hapana, Bibi. Kikizimwa katikati ya hesabu kinaharibu kila kitu. Na ni haki yake kupata kitu. Hata wa mwisho kwenye mfongo hanyimwi maji ya ng'ombe wake."

Bibi akaona mjukuu amemshinda hapo, akafurahi kushindwa.

Kindness akamweleza kadiri alivyoandika. Kuna njia mbili za kuweka mipaka. Moja ni ile aliyoitumia, ukuta: hapa ndipo mwisho wako, hata kama jirani amelala. Nyingine ni uzito. Kila kontena linapewa uzito wake, na uzito huo haufanyi kazi yoyote mpaka wawili wagombanie. Aliye peke yake anachukua anachohitaji. Wakigongana, prosesa inagawa kwa uzito, na asipokuwepo tena mmoja, mwingine anaendelea. Mapokezi akaipa uzito wa sita, Meseji mbili, Taarifa mbili. Kisha, kwa kuwa alimjua yule mbonyezaji, Taarifa akaijengea na ukuta pia: isizidi vichwa vitatu hata dunia nzima ikiwa imelala, ili mashine yenyewe ibaki na pumzi.

"Tayari?" Bibi akauliza.

"Kuandika ni tayari. Sijaiwasha." Akasita. "Nimempunguzia mwenyekiti kutoka nusu mpaka moja ya tano, wakati wa foleni. Sijamwambia."

"Hujamwambia."

"Nikiiwasha kimya kimya hatajua. Ataona inachelewa tu, na yeye amezoea kuona inachelewa."

Bibi akamtazama mpaka binti akainua macho. "Mtu akipunguziwa fungu anaambiwa akiwa ameketi," akasema. "Kesho tutakwenda."

Alhamisi saa kumi jioni waliketi kwenye baraza ya Mzee Eliufoo, chai ya maziwa mbele yao. Kindness akamwamkia shikamoo, akapokewa, halafu akaanza kukoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka. Mzee akasubiri. Bibi naye akasubiri, hakumsaidia, ingawa miguu yake chini ya meza ilikuwa haitulii.

Mwishowe Kindness akasema yote, bila kupamba. Kwamba foleni inasimama kwa sababu yake yeye, si kwa sababu ya waya. Kwamba aligawa kwa cheo kitu ambacho hakiwekwi akiba. Kwamba saa za foleni fungu la mwenyekiti linapungua.

Mzee Eliufoo akaweka kikombe chini. "Nimekuwa mwenyekiti miaka kumi na moja," alisema. "Sijawahi kupewa shingo."

"Hakuna aliyekupa shingo, Baba Lucky," Bibi akasema.

"Moja ya tano, Mama Ndelilio. Mimi nimefundisha hesabu. Moja ya tano ni shingo."

"Ni wakati wa foleni tu, Babu," Kindness akasema. "Saa nyingine hugombanii na mtu. Zamani ulikuwa huvuki vichwa viwili hata usiku. Sasa ukiwa peke yako unapata mpaka vitatu."

Mzee akakunja vidole kimoja kimoja. Ilionekana anahesabu.

"Nikiamka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kina mama?"

"Vitatu."

"Vyote vyangu."

"Vyote vyako, Babu. Ila ubonyeze mara moja. Ukibonyeza mara kumi unagombana na wewe mwenyewe."

Mzee akamgeukia Bibi. "Huyu amejifunza kwa nani kuwaambia watu wazima ukweli?"

"Wewe ndiye uliyemfundisha baba yake," Bibi akajibu.

Mzee hakusema ndiyo. Alisema tu kwamba Jumamosi ni Jumamosi, na ndoo moja ikibaki, neno lake liko pale pale. Lakini alipowasindikiza mpaka kwenye lango alimpa Kindness mkungu mdogo wa ndizi mbivu, na mtu haupi mkungu mkono anaotaka kuufukuza.

Ijumaa jioni Kindness akaiwasha mipaka mipya. Jumamosi Bibi Elinipendo alifika kituoni kabla ya wengi, lakini akakataa kusimama mbele. Alikwenda mwisho wa foleni na kila aliyekuja akampisha.

"Bibi, utakataliwa tena," mama mmoja akamwonya.

"Yangu yatakuwa kipimo," akasema. Ndoo yake ikizuiwa, foleni itakuwa imechelewa, na ikipita, zote zimepita.

Saa moja kasorobo Kornelia akaanza. Ndoo, spiriti, mzani, risiti. Ndoo, spiriti, mzani, risiti. Foleni ikaanza kutembea, na watu waliozoea kuketi juu ya ndoo zao wakajikuta wanasukumwa na wa nyuma.

"Taratibu jamani, leo inakimbia."

"Inua ndoo yako, Mama Godbless, usitufungie njia."

Saa moja na nusu Mzee Eliufoo akatoka kwenye gari la mwanawe, akaketi kwenye benchi mbele ya watu wote, akavaa miwani, akatoa simu. Kindness alimwona kupitia dirisha. Mzee hakuwa ameamka saa kumi na moja. Mtu wa miaka sabini na nne hubadilisha tabia polepole. Akabonyeza.

Risiti iliyokuwa inatoka ikachelewa, kwa kiasi cha mtu kupiga chafya. Kornelia akaacha mkono hewani. Bibi, akiwa bado mbali kule nyuma, aliona foleni ikisimama, akaukaza mkono kwenye mpini wa ndoo.

Risiti ikatoka. Ikatoka nyingine. Foleni ikasogea.

Mzee akaitazama simu yake, kidole juu ya kioo. Watu wawili watatu walikuwa wanakitazama kile kidole kama wanavyotazama mpira wa penalti. Akakishusha, karibu kiguse. Kisha akageuza simu kifudifudi gotini mwake, akaifunika kwa kofia, akaanza kuzungumza na jirani yake habari za bei ya pumba.

Saa tatu kasoro dakika ishirini lori la maziwa likapiga honi kwenye kona. Abasi, dereva wake kutoka Njoro, akashuka akijinyoosha, akatazama huku na huku kwenye uwanja.

"Shikamooni wazee. Leo mmegoma? Watu wako wapi?"

"Wamekwenda nyumbani," Kornelia akamwambia. "Njoo ufunge bomba lako."

Mbele ya Kornelia ilibaki ndoo moja. Akachota, akatia spiriti, akatikisa. Akainua kikombe kwenye mwanga, yeye na Bibi wakakitazama pamoja. Maziwa yaliteleza ukutani safi, bila kipunje. Lita sita na nusu. Simu ikalia kwenye mfuko wa Bibi kabla hajapokea risiti mkononi.

Wajumbe wa kamati ya chama waliketi hapo hapo, juu ya ndoo zilizogeuzwa, hawakuingia hata ofisini. Hawakuchukua muda. Mmoja alitaka kujua kama mvua za masika zikileta maziwa maradufu itakuwaje, na Kindness akajibu kwamba hajui, itabidi aangalie hesabu kila wiki na pengine uzito ubadilike. Jibu hilo liliwapendeza kuliko angesema anajua. Muda wake ukaongezwa mwaka mmoja.

"Ila kwa sharti," Mzee Eliufoo akasema. Akaifunua simu yake. Michoro ilikuwa imeshafika, sijui tangu saa ngapi, ya kijani na ya njano, na akaiangalia kwanza kwa kuridhika kabla ya kuendelea. "Mgawo wa hiyo prosesa uandikwe kwenye karatasi, ubandikwe ukutani pale, kama ratiba ya mfongo. Kila kontena na uzito wake. Daktari wa mifugo anataka programu yake mwezi wa tano. Haiingii mpaka tumekaa kikao, tukajua inakunywa kiasi gani na inagongana na nani."

"Sawa, Babu."

"Na yangu uandike ya mwisho."

Bibi Elinipendo, aliyekuwa anasuuza ndoo yake bombani, akainua kichwa. "Aandike kwa herufi kubwa," akasema, "sisi wengine tusome bila kuazima miwani ya mtu."

Kindness alikwisha kuingia ofisini kutafuta karatasi.